Usiandike Jina Lako kwenye Chuma

Vijana wangu mnaosomea ufundi, nyinyi kaeni. Mimi sitakaa. Tangu nistaafu mke wangu amenikataza kugonga vyombo vyake, lakini mkono haunisikii. Nikiingia nyumba ya mtu hapa Namakwekwe, Mbale, kabla sijaitikia "karibu" nimeshagonga kitasa, nondo za dirisha na sufuria iliyoko jikoni. Juzi nililazwa kwa ajili ya presha, nesi akanikuta chini ya kitanda changu, nakigonga miguu kwa kijiko.

"Mzee, unatafuta nini huko?"

"Ufa, binti yangu."

Akamwita daktari. Ufa ulikuwepo, mguu wa kushoto, karibu na weldi, lakini hakuna aliyeniuliza tena.

Kazi yangu yote, Jinja kwanza na baadaye Mbale, ilikuwa kutafuta nyufa. Ekseli, springi, ndoano za winchi, shafti za mashine za kusaga. Nimeona nyufa nyingi kuliko samaki wote waliowahi kupita kwenye Nile. Na leo, kwa kuwa mwalimu wenu kaniomba nizungumze nanyi, nitawaambia habari ya ufa mmoja tu, ule ambao mpaka sasa nikiukumbuka nainuka kwenye kiti.

Lakini kwanza muwa. Chukueni muwa mnene, muuweke gotini, mjaribu kuuvunja. Utawapiga mieleka. Sasa ukateni kidogo kwa panga, kina cha punje ya mahindi, kisha muupinde ili mkato ufunguke. Pwa! Umekatika. Mmetoa nini? Karibu hakuna. Kateni mwingine vilevile, ila mkato uwe upande wa ndani, muupinde: unakataa. Ufa unakula mvuto, jamani. Ukiuvuta unafungua mdomo, ukiubana unaufumba. Hilo peke yake lingewatosha kwenda nyumbani mkiwa mmeelimika.

Na kwa nini kimkato kidogo vile? Fikirini watu wanavyotoka sokoni siku ya mnada kwa njia moja pana. Mtu mmoja anasukuma meza yake ya nyanya katikati ya njia. Wale waliokuwa wanapita hapo hawapotei, wanabanana kwenye kona ya meza, na hapo konani ndipo watu wanapasukiwa mashati. Nguvu ndani ya chuma inapita hivyohivyo. Ikikutana na mkato, inabanana kwenye ncha. Ncha ikiwa kali kama wembe, msongamano wake ni wa kutisha. Ncha ikiwa ya mviringo, watu wanazunguka kwa adabu.

Haya nilifundishwa mara mbili, na watu wawili wasiopendana kabisa. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya jioni ya Jinja, mwembamba kuliko chaki ambayo uhaba wa zama za askari ulikuwa umemnyima. Tulisoma kwa chemli moja, wanafunzi ishirini na mbu elfu arobaini. Alikuwa akisema: "Msiulize kama kuna ufa. Kila chuma kina ufa wake mahali fulani. Ulizeni una urefu gani, ncha yake ni kali kiasi gani, na unavutwa kwa nguvu gani. Maana kuna urefu ambao ufa ukiufikia, hausubiri tena. Unakimbia. Mzigo ukiwa mkubwa, urefu huo ni mfupi. Mzigo ukipungua, ufa unakupa nafasi." Cheti cha shule ile ninacho sebuleni, kikubwa kuliko mlango.

Wa pili alikuwa Mzee Rajabu, Mnubi, fundi mkuu wa gereji ya Jinja tuliyofanya kazi mimi na yeye. Babu yake aliletwa Uganda akiwa askari, baba yake akawa askari, yeye akashika spana. Alikuwa na majivuno ya kutosha mikoa miwili. Alisema mwalimu wangu ni mtu wa kuchora nyufa ubaoni, yeye anazinusa. Na kweli alizinusa, kwa sababu njia yake ilikuwa mafuta ya taa. Unasugua chuma kwa brashi ya waya, unakiosha, unakipaka mafuta ya taa, unangoja kiasi cha kuvuta sigara. Mafuta yanapenya hata pale ambapo jicho haliingii. Unafuta, unakausha kabisa, halafu unanyunyizia vumbi la chaki. Yale mafuta yaliyojificha yanatoka jasho, na ufa unajichora wenyewe, mstari mweusi juu ya weupe.

Chaki ilipokwisha nchini tulitumia unga wa muhogo. Unga huo ulikuwa wa Mama Zaituni, mke wa Mzee. Tulikuwa tunauchota tu. Siku moja Mzee akarudisha jikoni kopo la unga uliobaki, umeshaingia mafuta ya taa, bila kumwambia mtu, na jioni akaletewa ugali unaonuka kama taa.

"Mama Zaituni, huu ugali vipi?"

"Kula, Mzee. Tutaona nyufa zako ziko wapi."

Alikula wote. Alimwogopa yule mama kuliko jeshi zima.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Serikali ya askari, iliyokuwa na Wanubi wengi jeshini, ilipoanguka, watu wa Jinja walikuwa na hasira ya miaka, na hasira haikuchagua. Mnubi yeyote akawa askari machoni mwa watu, hata kama hajawahi kushika zaidi ya nyundo. Nyumba ya jirani yake Mzee, muuza tende asiye na hata wembe mkali, ilivunjwa, milango ikabebwa. Kila aliyepita mbele ya nyumba ya Mzee alianza kuitazama kama mtu anayepima kitambaa. Ilibidi waondoke kesho yake alfajiri: Mzee, Mama Zaituni, na familia za Kinubi za mtaa ule, wazee na watoto. Walikuwa na ndugu Mbale, na kutoka Mbale Kenya si mbali. Baada ya hapo pengine asingebaki wa kubebwa.

Dereva mmoja tu ndiye aliyekubali kuwabeba. Huyo aliitwa Mafabi, Mgisu wa Mbale, mwenye lori lake mwenyewe, mwenye sauti ya kuamsha marehemu. Mumpe heshima yake: wenye magari wengine walijificha, yeye akaja.

Sasa sikilizeni kosa la zama zile. Wizi wa vipuri ulikuwa hauelezeki. Ukiegesha gari ukaingia msikitini, hujafika rakaa ya pili limeshapiga magoti, magurudumu yamekwenda. Basi wenye magari wakazua desturi ya kuchonga majina kwa tindo na nyundo kwenye kila chuma. Rangi inafutika, herufi ya tindo haifutiki. Na Mafabi aliwazidi wote. MAFABI kwenye ekseli, MAFABI kwenye kila jani la springi, MAFABI kwenye jeki. Nadhani hata meno yake ya nyuma yalikuwa na jina.

Mzee Rajabu alikuwa na mwiko wake: hapandi gari lolote kabla hajaangalia usukani. Lori lilipoingia gereji akalala chini yake, akasugua ule mkono wa usukani. Ni kipande cha chuma kinachoning'inia kutoka kwenye boksi la usukani. Dereva akigeuza, kinakwenda mbele na nyuma na kusukuma fimbo inayopindisha magurudumu. Kikikatika, dereva anabaki ameshika sahani ya wali. Mzee akapaka mafuta, akangoja, akanyunyiza unga. Akaniita, kisha akamwita mwenye mali.

"Mafabi, njoo uone kazi ya mikono yako."

"Hiyo uchafu tu, Mzee. Futa."

Mzee akafuta. Akapaka tena, akangoja tena, akanyunyiza. Mstari ukarudi palepale, ukitokea kwenye mguu wa kwanza wa M ya MAFABI iliyochongwa pale, ukishuka kuvuka mkono.

"Uchafu wako una adabu," Mzee akasema. "Unajua kurudi kwao."

Mafabi akatoa macho. "Piga weldi! Piga weldi, paka rangi, twende!"

Vijana, hili la weldi mlishike. Chuma kile kilifuliwa na kupikwa kiwandani. Ukikichoma bila kukipasha moto kwanza na kukipoza polepole, pembeni ya weldi kinakuwa kikavu kama kigae, na ufa mpya unazaliwa hapohapo chini ya rangi yako nzuri. Utakuwa umeuficha, basi. Kipuri kingine? Maduka yote yalikuwa yameporwa hadi rafu. Leo mkiona ufa kwenye usukani, kitupeni chuma hicho, nunueni kingine, msilitaje jina langu kama kisingizio. Siku ile hakikuwepo cha kununua.

Mzee akanigeukia. "Haya, msomi wa jioni. Tunafanyaje?"

"Mzee, swali si kama kuna ufa. Swali ni kama utatusubiri tufike Mbale."

"Utasubiri?"

"Sijui."

"Umesoma miaka yote hiyo uje uniambie hujui?"

"Sijui, lakini naweza kuupunguzia chakula."

Nje jiwe likaanguka juu ya bati. Mama Zaituni, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake mlangoni, akasema, "Nyinyi ongeeni na chuma. Mimi nawasikiliza walioko nje, na wao hawatungojei."

Basi tukaamua. Mzee akatafuta ncha ya ufa kwa unga, mara mbili, tatu, mpaka hana shaka. Kisha mbele kidogo ya ncha, maana ncha ya kweli iko mbele ya ile unayoiona, tukatoboa tundu kwa keekee ya mkono, umeme ukiwa umekwisha zamani. Chuma kile kilitula viganja. Nilizungusha keekee mpaka nikahisi dunia ndiyo inayozunguka. Lile tundu linafanya nini? Linaondoa wembe, linaacha mviringo. Msongamano kwenye kona unapungua, ufa unakosa pa kushika. Ukitaka kuendelea, lazima uzaliwe upya kwenye ukingo wa tundu, na hilo linachukua muda. Muda ndio tuliokuwa tunautaka.

La pili, uzito. Watu walikuwa wameshapakia vyao: vitanda vikashuka, makabati yakashuka, cherehani zikashuka, na kila kilichoshuka kilikuwa na mwenyewe wa kukililia. Mzee alishusha fuawe lake alilorithi kwa fundi aliyemfundisha, akaligonga mara moja kwa kidole, akaenda zake.

La tatu nilimpa Mafabi mwenyewe. "Usigeuze usukani gari likiwa limesimama. Kamwe. Gurudumu lililosimama linang'ang'ania ardhi, na mkono ule unavutwa kuliko wakati wowote. Acha gari litembee hata kidogo, ndipo ugeuze."

"Mimi naendesha tangu wewe unanyonya!"

"Basi geuza kama mtu anayenyonyesha."

Tulitoka alfajiri, polepole, watu kimya juu ya lori kama magunia. Mimi nilikaa mbele katikati ya Mafabi na Mzee, na kila shimo la barabara nililihisi kwenye meno. Kila tuliposimama nililala chini na kopo langu la unga. Tundu safi. Tukapita Iganga. Tundu safi.

Mbele ya Iganga tukakuta kizuizi. Askari kijana, bunduki kubwa kuliko yeye, akatusimamisha na kuelekeza kwa mdomo.

"Wewe dereva, geuza gari! Weka hapa kando, kati ya hizi pipa!"

Mapipa yalikuwa karibu sana. Hapakuwa na njia ila kukata usukani wote palepale, gari limesimama. Mafabi akaniangalia, jasho likimtoka. Nikampita Mzee, nikafungua mlango.

"Afande, tunaomba kusukuma."

"Kusukuma nini? Gari si inaunguruma?"

"Inaunguruma, afande, lakini usukani wake mgonjwa. Lazima ageuze huku inatembea."

"Mnanichezea?"

Akakoki bunduki. Ndipo Mama Zaituni akaanza kushuka, kwa shida, magoti yake yalikuwa mabovu, akafika chini akaweka mikono kwenye ubao wa nyuma wa lori. "Mwanangu," akamwambia, "kama ni wezi, wezi gani wanasukuma gari zima?" Wengine wakashuka. Lori likaenda inchi, Mafabi akageuza kidogo. Likarudi inchi, akageuza kidogo. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, watoto wakisukuma, wazee wakisukuma, mpaka likaingia kati ya mapipa kama mtoto anayelazwa. Askari alitazama yote yale, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika pipa.

"Nendeni! Nendeni na wazimu wenu! Na kutoka mnasukuma tena?"

Tulisukuma tena.

Tukafika Busiu jua la utosi. Wauza ndizi wakatuzunguka, mlima unaonekana, Mbale pale mbele. Nikalala chini, nikapaka, nikangoja, nikanyunyiza. Na upande wa pili wa tundu, ule uliokuwa safi asubuhi yote, mstari mweusi ulikuwa unatoka jasho.

Umezaliwa upya. Na fahamuni: ufa uliozaliwa tena hauanzi kuhesabu moja. Urefu wake sasa ni ule wa zamani, jumlisha tundu, jumlisha huu mpya. Mzee akalala kando yangu, akautazama, akavuta pumzi.

"Wote washuke," akasema.

Mafabi akapandwa na moto. "Washuke? Mbale ile pale! Naona mpaka kuku za mama yangu! Imetoka Jinja haijakatika, itakatika sasa?"

Hapo, vijana wangu, ndipo watu wengi wanapozikwa. Wanadhani kilomita zilizopita ni mashahidi wa kuwatetea. Hapana, zilikuwa zinatafuna. Ufa unapokuwa mfupi unakwenda kwa kunyata, ukirefuka unakwenda kwa hatua, mwisho unaruka. Kufika Busiu hakukutuambia kwamba tutafika Mbale. Kulituambia tu kwamba chuma kilichobaki ni kidogo kuliko cha asubuhi.

"Mbele kuna kona, halafu daraja," Mzee akamwambia. "Ukiwa na watu hawa juu, utawaweka mtoni. Endesha tupu. Mwendo wa mguu. Sisi tutatembea nyuma yako."

"Watu watanicheka! Hapa ni kwetu!"

"Wacheke. Mimi nimetoka kwa watu waliokuwa hawacheki."

Mafabi akavuta kofia yake hadi kwenye nyusi. Akapanda, akawasha.

Wakatembea. Mama Zaituni tulimpandisha kwenye baiskeli ya muuza mahindi. Lori tupu mbele, likitambaa, na watu wote nyuma yake na mafurushi vichwani. Vijana wa Busiu walipoona msafara ule wakapiga kelele: "Bannange, jamani! Njooni muone, gari ya Mafabi inapelekwa kutahiriwa!" Mnajua wenyewe Wagisu wanavyowasindikiza vijana wao wanaokwenda kutahiriwa. Mara debe likapigwa, mara wimbo, mara nusu ya Busiu inacheza mbele ya lori, na mmoja anapaka boneti unga wa mtama kama anavyopakwa kijana mwenyewe. "Jikaze, gari! Usilie!" Mafabi alikuwa amezama kwenye kiti, inaonekana kofia tu. Na nitawaambia jambo: msafara ule wa dhihaka ulipita vizuizi viwili bila mtu kuulizwa kabila lake. Askari walidhani ni sherehe.

Tukaingia Mbale kabla ya maghribi. Mkono haukukatika. Hata kidogo. Mafabi akashuka akiwa amevimba.

"Mnaona? Mnaona sasa? Mmenifanya bwana harusi wa bure!"

Na hata baadhi ya wale Wanubi, miguu imevimba, vitanda vyao vimebaki Jinja, walimtazama Mzee kwa jicho baya. Mmoja akasema wazi kwamba wazee wawili wameshikwa na woga wakawatembeza watu kama mbuzi. Mimi wakati huo sikuwa mzee, lakini neno hilo nililipokea. Mzee Rajabu, mtu wa majivuno yale, akawabebea mafurushi yao mpaka ndani. Jambo hilo lilinitisha kuliko bunduki.

Asubuhi tukaazima gereji ya jamaa yake. Mzee akafungua boliti, akautoa ule mkono, akaubana kwenye jiliwa mbele ya watu wote, jina la MAFABI likiwatazama. Hakuchukua nyundo kubwa. Aliazima ya fundi viatu, ile ya kugongea misumari midogo, akaupiga mkono ule ubavuni kama anavyopiga mtu hodi.

Tak. Kipande kikaanguka sakafuni.

Akakiokota, akawaonyesha mahali palipokatika. Karibu pote palikuwa laini na peusi, pameingia mafuta, na ndani ya weusi ule mistari myembamba iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama ile ya ganda la konokono. Yote ilianzia sehemu moja, chini ya mguu wa M. "Hapa ni kabla hatujamjua Mafabi," Mzee akasema, kidole kikitembea. "Hapa ni tundu letu. Na hapa, kutoka tunduni, ni safari." Mwishoni, ukingoni kabisa, palikuwa na kidoa kinachong'aa, chembechembe kama sukari. Hicho ndicho chuma kilichokuwa kizima mpaka nyundo ilipogonga.

Mama Zaituni akachukua kipande. Akaweka kidole gumba juu ya kile kidoa. Kikapotea chote.

"Hiki ndicho kilikuwa kimetushika?"

"Hicho."

Akampa yule aliyelalamika kuhusu mbuzi, naye akaweka kidole chake, akampa mwingine. Kikazunguka gereji nzima hivyo, watu wakipima kwa vidole. Kikamfikia Mafabi. Akakishika muda mrefu. Mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia yule mtu akipumua.

Kisha akaenda kwenye meza ya mafundi, akachagua tupa kubwa, akalala chini ya lori lake na kuanza kufuta jina kwenye ekseli. Krr, krr, krr. Mzee akachukua tupa nyingine, akalala upande wa pili. Nami nikashika springi. Wale Wanubi waliokuwa na safari ya Kenya wakakunja mikono ya kanzu, wakatafuta vipande vya msasa, wakalainisha kila palipochongwa.

Mafabi akatoa kichwa, uso umejaa vumbi.

"Lakini Mzee, na wakiiba?"

Mzee hakusimamisha mkono. "Wakiiba, utakuwepo wa kupiga kelele."